Kikao cha Bi Arafa

Kwanza niseme wazi kwamba Leodegar alinionya. Nisijifanye sikujua, maana kwa miezi kadhaa nilijaribu kujidanganya hivyo na haikunisaidia kitu.

Leodegar anafundisha Kiswahili kidato cha nne mkondo A, mimi mkondo B, katika shule ya kata huku Madale, juu kilimani, ambako ukisimama uwanjani unakiona kiwanda cha saruji cha Wazo kwa chini. Mwenzangu huyu ni mtu wa notisi. Anaingia, anageukia ubao, anaandika kutoka kengele hadi kengele, wanafunzi wananakili, anatoka na chaki mpaka kwenye nyusi. Ofisini tulikuwa tukimtania kwamba siku akifa tutamzika na dasta yake. Hakasirikagi. Anapangusa miwani, anakunywa chai yake.

Mimi nilijiona mwalimu wa aina nyingine. Nilikuwa nimehudhuria semina ya siku tatu pale Mabibo, ya kufundisha fasihi kwa maigizo, nikarudi kichwa kimevimba. Na kusema kweli tulikuwa na shida, nilihitaji mbinu. Riwaya tuliyokuwa tukiifundisha, shule ilikuwa na nakala zake nne tu, na mkondo wangu peke yake ulikuwa na wanafunzi sabini na wawili. Kati ya hizo nakala nne, mbili hazikuwa na jalada. Leodegar aliitatua shida hiyo kwa notisi. Mimi niliitatua kwa kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, cha ofisini, nilikivika kanga mgongoni nikakiweka mbele ya darasa. Sheria ilikuwa moja. Ukikaa pale wewe si wewe tena, wewe ni mhusika. Darasa linakuuliza maswali, unajibu kama yeye, na hakuna ruhusa mtu kukuita jina lako mpaka uinuke. Mimi nilisoma sura nyumbani, nikaja nikaisimulia kwa dakika kumi, halafu kiti kikafanya kazi iliyobaki. Watoto waliokuwa wakilala saa nane mchana wakaacha kulala. Wa darasa la jirani walianza kuchungulia madirishani. Nani asingevimba kichwa?

Riwaya inamhusu Bi Arafa, mjane wa makamo. Mumewe akifa, shemeji yake anaitisha kikao cha ukoo ili kiwanja cha marehemu kiuzwe. Katika sura ya tisa wazee wanaketi, wanakunywa chai aliyoipika yeye mwenyewe, wanasema wee, na mwisho wanamletea karatasi atie dole gumba. Bi Arafa anatia. Hasemi neno. Hasemi mpaka kitabu kinakwisha, na kitabu chote kimejengwa juu ya huko kunyamaza kwake.

Sasa kulikuwa na binti darasani kwangu, Somoe, mtoto wa Wazo, binti wa Mzee Shomari fundi matofali. Miaka mitatu na nusu sikuwahi kumwona akinyoosha mkono. Alikaa dirishani, daftari lake safi, kilemba cha shule kimepigwa pasi, na akili yake ikiwa nje. Siku tuliyofika sura ya tisa nilimwona anatazama mbuzi wa watu uwanjani. Nikamwita kwenye kiti. Nilimwita kwa hasira, wala si kwa kipaji cha ualimu, nilitaka aone haya kidogo.

Somoe akaja, akakaa, akaivuta ile kanga ya kitini akajifunika mabega. Mashaka, mwanafunzi mmoja mwenye mdomo, akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

“Bi Arafa, kwa nini ulinyamaza kwenye kikao wakati shemeji anauza kiwanja chako?”

Somoe alimgeukia. Halafu akasema, “Nani kakwambia nilinyamaza?”

Waliokuwa wakinong'ona nyuma wakainua vichwa.

“Mie nilisimama,” akasema. “Nikamwambia, shemeji, hicho kidole mnachokitaka ndicho kilichokanda udongo wa nyumba hii. Mkikitaka kikateni muondoke nacho, wino sitii. Na nyie wazee wangu, chai mshakunywa. Nyanyukeni mwende.”

Niliwahi kusikia madawati yakipigwa, lakini siku hiyo yalipigwa mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Mimi mwenyewe mwili ulinisisimka. Mtoto ambaye sikuijua sauti yake alikuwa amekaa mbele yangu, macho makavu, shingo imenyooka, mwanamke mzima. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno matatu tu, kwamba hiyo haimo kitabuni. Sikuyasema. Nilisema, “Endelea, Bi Arafa.”

Akaendelea kwa wiki tatu. Tulilijenga lile tukio mpaka likawa igizo kamili. Mashaka akawa shemeji, Blessing akawa wifi mwenye umbeya, wazee wanne wakapatikana, na kila kipindi waliongeza neno hapa na pale. Mstari wa kidole ulikuwa ukisemwa na darasa zima kwa pamoja. Uwanjani watoto wakigombania ndoo ya maji walikuwa wanaambiana, “Chai mshakunywa, nyanyukeni.”

Leodegar alisimama dirishani siku moja akatazama hadi mwisho. Ofisini akanivizia mpaka nimekaa.

“Demetria, hao watoto wanajua kwamba hiyo haimo kitabuni?”

“Leodegar, hao watoto si mawe.”

“Sijasema ni mawe. Nimeuliza kama wanajua.”

“Wewe nenda kaandike notisi,” nikamjibu, na ofisi nzima ikacheka. Yeye naye alitabasamu, akachukua dasta yake akaenda zake.

Nilikusudia kuwasomea ile sura ya tisa kama ilivyo, neno kwa neno. Naapa nilikusudia. Niliandika hata kwenye andalio la somo. Wiki ile ikaingia mitihani ya majaribio, iliyofuata vipindi vikafutwa kwa sababu ya mazoezi ya mahafali, na mkuu wa shule akataka igizo letu liwe ndilo la kuwafurahisha wageni. Sasa niwaambie nini watu wanaokaribia kupanda jukwaani, kwamba wanachokwenda kuigiza ni uongo? Nikasema baadaye.

Siku ya mahafali mama yake Somoe alikuwa amekaa safu ya tatu na wenzake wa Wazo. Somoe aliposimama kikaoni na kukinyoosha kile kidole, yule mama aliinuka, akapiga kigelegele, akaja hadi mbele akamtunza binti yake kanga mpya mabegani. Wanawake wengine wakamfuata. Mgeni rasmi alitaja jina langu mara mbili kwenye hotuba. Usiku ule sikulala kwa furaha, na leo nikikumbuka furaha ile naona aibu.

Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani wa taifa niliwapa silaha. Ndivyo nilivyoiita. Niliwaambia, “Mkikwama kwenye riwaya, msihangaike. Fumbeni macho mkione kiti. Nani alikaa? Alisema nini? Andikeni hicho.” Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na wao, kwa kuwa walinipenda, walifanya hivyohivyo.

Desemba nikateuliwa kwenda kusahihisha. Tulikusanywa kwenye shule moja ya bweni mkoa mwingine, kila meza na swali lake. Meza yetu ilipewa swali la riwaya, jadili nafasi ya mwanamke katika riwaya uliyosoma. Kiongozi wa meza alikuwa Mwalimu Albano, mtu mzima kutoka Songea, mpole, mwenye kupenda haki. Karatasi hazina majina wala shule, ni namba tu, na zinatoka sehemu mbalimbali. Sikuwa na wazo lolote baya. Nilikuwa nikitafuna karanga.

Siku ya tatu, Farida, mwalimu wa Tanga aliyekaa mkabala nami, akaanza kucheka peke yake.

“Jamani sikilizeni hii,” akasema, akasoma kwa sauti. “‘Mwanamke ni jasiri. Mfano, Bi Arafa anasimama katika kikao cha ukoo na kumwambia shemeji yake kwamba kidole wanachokitaka ndicho kilichokanda udongo wa nyumba.’ Hiki kidole kimetoka wapi?”

Meza ikacheka. Nikaacha kutafuna.

“Na huyu naye,” akasema mwingine, akichambua lundo lake. “‘Anawafukuza wazee kwa kuwaambia chai mshakunywa.’ Makubwa.”

Walizidi kucheka. Albano hakucheka. Alizichukua zile karatasi mbili akazisoma taratibu, akavua miwani.

“Watoto wawili hawawezi kutunga kitu kimoja,” akasema. “Kuna chapa nyingine ya kitabu hiki? Au kuna mwalimu kafundisha hivi? Mwenye kujua aseme, tuwaulize wakubwa kabla hatujawaumiza watoto wa watu.”

Alitutazama mmoja mmoja. Aliponifikia mimi, aliniangalia kama alivyowaangalia wengine, wala hakuwa na shaka nami. Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa ni kusema tu, Mwalimu, ni mimi, hawa ni wangu, hawakuwahi kukishika kitabu, walinisikiliza mimi. Labda wakubwa wangesema hakuna msaada, mwongozo ni mwongozo. Labda wangewapa alama za utangulizi na mpangilio wa hoja, maana waliandika vizuri. Sijui. Hilo la kutojua ndilo linaloniuma, kwa sababu jibu lilikuwa mita tatu kutoka mdomoni kwangu na sikutaka kulitafuta. Niliwaza Farida atakavyonitazama. Niliwaza semina, mgeni rasmi, na Leodegar akipangusa miwani.

Nikacheka. Nikasema, “Hawakusoma kitabu hawa. Wametunga tu.”

“Basi,” akasema Albano, akazirudisha karatasi. “Tufuate mwongozo.”

Mwongozo ulisema mwanamke amechorwa kuwa mtu asiye na sauti. Mchana ule lundo langu likaleta karatasi kumi na moja za Bi Arafa aliyesimama. Nilizisahihisha zote kwa kalamu nyekundu, hoja kwa hoja, sifuri, sifuri. Ya saba ilikuwa na mwandiko ninaoujua, ule wa daftari safi, herufi zimelala kidogo kushoto. Ukurasa mmoja na nusu juu ya kikao, hakuna kosa hata moja la tahajia. Kwenye alama kumi na tano nikaandika mbili. Halafu nikaomba ruhusa nikaenda chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuendelea na ya nane.

Matokeo yalipotoka Januari, mkondo wa Leodegar walikuwa na C na B za Kiswahili kama mvua. Wangu walianguka. Somoe alipata C ya Historia na C ya Jiografia. Alihitaji C tatu ili aende kidato cha tano, na Kiswahili kilimpa D. Mkuu wa shule aliniita akaniuliza imekuwaje, nikamwambia watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Leodegar hakuniuliza kitu. Siku hiyo alinimiminia chai yeye mwenyewe, akaweka na sukari, na ningependelea anizabe kofi.

Aprili nilikwenda Mabibo sokoni kununua ndizi. Nilikuwa na wageni wa Bukoba, na Mhaya huwezi kumkaribisha mwenzio kwa ugali ukatoka salama. Nilikuwa nainama kuchagua mkungu nikasikia, “Shikamoo, madam.”

Somoe alikuwa amekaa juu ya kreti, kisu cha kukatia ndizi mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Alikonda. Nilimwitikia marahaba kwa sauti isiyo yangu.

“Nipo hapa kwa shangazi,” akasema. “Namsaidia. Ila madam, Mungu akipenda narisiti mtihani Novemba. Kiswahili tu. Nishajisajili.”

“Vizuri sana, Somoe.”

“Tena nimejikomalia.” Alichomoa daftari chini ya kreti, akanifungulia. Kurasa na kurasa za ngeli, uambishaji, aina za sentensi, mistari ya kila kishazi imepigwa kwa rula. “Ishu yangu ni sarufi, madam. Sarufi ndo iliyoniangusha. Kwa sababu lile swali la riwaya nilijibu vizuri kuliko yote, nakwambia ukweli. Nilifumba macho nikaona kiti kama ulivyotwambia. Nikaandika kila kitu. Riwaya sitaki hata kuigusa, nitaiandika vilevile.”

Nilinunua mikungu miwili bila kuulizia bei. Kwenye bajaji nikawa najiambia kwamba nitampigia simu, sikuwa na namba yake. Kisha nikajiambia kwamba labda mwaka huu swali halitatoka. Nilijiambia mengi mpaka Madale. Wageni walikula wakasifu, nami sikuonja kitu. Nikinyamaza, binti yule atakaa tena kwenye chumba cha mtihani Novemba, atafumba macho, na atapewa mbili na mwalimu mwingine anayetafuna karanga.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kariakoo nikanunua riwaya mpya, nikaipeleka Mabibo. Somoe aliipokea kwa mikono miwili, akaipiga busu jalada, akacheka.

“Madam, miaka yote ile sikuwahi kukishika,” akasema. “Ngoja nione kikao chetu.”

Akatafuta sura ya tisa. Alisoma midomo ikicheza. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akarudi nyuma. Nilisimama kati ya mikungu ya ndizi kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

“Wamekuuzia kibovu hiki,” akasema. “Kimechomoka kurasa.”

“Hakijachomoka.”

Aliangalia namba za chini, mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu, mia na kumi na nne. Akaweka kidole pale Bi Arafa anapotia wino.

“Mbona hasimami?”

“Kitabuni hasimami, Somoe. Anatia dole, ananyamaza hadi mwisho. Wewe ndiye uliyemsimamisha.”

Alinitazama. Nikaona jinsi jambo lile linavyomfikia taratibu, kwanza swali, halafu alama, halafu mimi.

“Na wewe ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua. Nilitakiwa niwaambie siku ileile, nikaona fahari. Nikawa nasema kesho.”

Ningeweza kuishia hapo. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini nilikuwa nimechoka kuibeba ile meza peke yangu, na nadhani nilitaka binti wa miaka kumi na nane anisaidie kuibeba, jambo ambalo nalo si la haki. Nikamsimulia. Farida, kicheko, Albano na swali lake, karatasi ya saba.

Mteja mmoja akaja kati ya maneno yangu. Somoe akainuka, akamkatia chana tatu, akamfungia, akamrudishia chenji, akamwambia karibu tena. Akarudi akakaa.

“Hao wenzio walipokuwa wanacheka,” akauliza, “wewe ulisemaje?”

“Nilisema hawakusoma kitabu hawa.”

Alikifunga kitabu. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole.

“Ulisema kweli, madam. Hatukukisoma.”

Nilitaka anitukane. Nilitaka anyooshe shingo kama siku ile na kunifukuza mbele ya shangazi yake na soko zima, ningeondoka nimepata changu. Badala yake alilipangusa jalada kwa upindo wa kanga, akakiweka kitabu juu ya lile daftari la sarufi.

Nikamwambia nitakuja kila Jumamosi. Tutaanza sura ya kwanza, tutasoma pamoja mstari kwa mstari, mpaka Novemba. Nikamwambia nitafika hata kwao Wazo akipenda, sitaki chochote.

“Ahsante, usisumbuke,” akasema Somoe kwa adabu, huku akishika kisu chake. “Kusoma najua, madam.”